Courant Ilienda

Maneno ya kwanza ambayo kaka yangu aliyasema hayakuwa "mama" wala "tata". Yalikuwa "courant ilirudia". Courant ndivyo tunavyouita umeme huku kwetu Kolwezi, na anayetaka kujua kwa nini mtoto aanze kusema kwa maneno hayo, na aje akae nasi Musonoi kando ya mashimo ya shaba, wiki moja tu. Umeme ukikatika, mtaa mzima unaguna kwa pamoja: "Aaa, courant ilienda!" Ukirudi, mtaa mzima unapiga kelele, watoto kwa wazee, hata wagonjwa vitandani: "Courant ilirudia!" Shaba inayotoka chini ya miguu yetu inabeba umeme wa dunia nzima, sisi tunabeba mishumaa. Zamani jambo hilo lilikuwa likinipandisha hasira. Siku hizi nanunua mishumaa tu.

Mimi nilikuwa sijazaliwa siku kaka aliposema. Mama ndiye aliyenisimulia, tena mara nyingi, maana hakuichoka hadithi hiyo. Wenzake wa rika moja walikuwa wanagombana na kutukanana kama watu wazima, yeye kimya. Majirani walikwisha kumpa jina la bubu. Basi siku moja mama akarudi kutoka sokoni, kapu kichwani, akamkuta kaka amekaa mlangoni. Kaka akainua uso, hakumtazama machoni, akatazama kanga iliyofunika kapu, akasema wazi kabisa, "Courant ilirudia." Mama akageuka kutazama taa. Taa ilikuwa imezimika. Ndipo akaelewa kwamba kilichorudi ni yeye mwenyewe, akatua kapu chini, akacheka, kisha akalia.

Tangu hapo mama akawa mkalimani wa kaka. "Courant ilirudia" ilikuwa furaha: mama amefika, ugali wetu wa bukari umeiva, shati analolipenda limekauka. "Courant ilienda" ilikuwa kila kitu kinachouma: jino, njaa, mgeni aliyekaa kwenye kiti chake, mama akishika njia ya soko. Kaka alikuwa na maneno mengine pia, yote ya kuokota. Ukimwuliza kama anataka maji, "Unataka mayi?" anakujibu, "Unataka mayi," kwa sauti yako wewe, na kikohozi chako ndani yake kama ulikohoa. Wasiomjua walidhani anawadhihaki. Nimeona mwanamume mzima akimnyanyulia mkono kwa sababu hiyo, na mimi nina mdomo, Musonoi yote inajua, kwa hiyo mwanamume yule alikwenda nyumbani kwake amejaa maneno yangu masikioni.

Mama hakuwa na mdomo kama wangu. Yeye alikuwa na mpango. Bukari ya kaka ilikaa sahani yake na mboga ya sombe sahani yake, zisigusane, na samaki wadogo hawakuletwa mezani na vichwa vyao. Kila shati jipya lilikatwa kile kitambaa cha shingoni kinachokwaruza. Nywele alimkata yeye mwenyewe kwa mkasi, huku anaimba, kwa sababu mashine ya kinyozi ilimfanya kaka apige kelele kama anayechomwa. Hakuna aliyeruhusiwa kumgusa kwa nyuma. Jirani mmoja alimwambia mama kwamba anamdekeza mtu mzima. Mama akamjibu kwa upole, "Weye unavaa miwani, nani anakudekeza?"

Kubwa kuliko yote ilikuwa siren. Kwenye shimo lililo karibu nasi wanapopasua mawe kwa baruti, ambayo sisi tunaiita mine, kwanza siren inalia, kisha ardhi inapigwa kutoka chini, vikombe vinagongana kabatini. Sisi tuliozaliwa pale hatukatizi hata mazungumzo. Lakini kaka, alipokuwa mdogo, mlipuko ule ulimtupa sakafuni. Basi mama akajua saa zao za kupasua, na kila mara kabla ya siren alikwenda kukaa karibu naye, akamwambia kwa maneno yale yale, bila kuongeza wala kupunguza: "Kwanza, siren italia. Kisha, mine itapasuka. Kisha, ilisha." Akamfunga kitambaa chake cha kichwa masikioni. Siren ikalia, mine ikapasuka, na kaka akabandika kiganja ukutani, akangoja mpaka ukuta utulie kabisa. Ukishatulia alisema yeye mwenyewe, "Ilisha," yaani imekwisha, akaondoa mkono. Kwa njia hiyo aliishi na milipuko miaka yote.

Jina la hali yake tulilipata amekwisha ota ndevu. Daktari mmoja alikuwa akipita kwenye parokia yetu kuwaona watoto, mama akamchukua kaka, mtu mrefu kuliko mlango wa sakristia, akapanga foleni naye katikati ya watoto. Daktari alikaa na kaka muda mrefu, hakumharakisha. Kisha akasema: autisme. Baadaye redioni nikasikia kwamba wenzetu wa Tanzania wanaiita usonji. Mama akauliza, "Ile jina, iko na dawa ndani?"

"Hapana, mama," daktari akasema kwa Kiswahili chetu, ambacho ndiyo hutamkwa njo. "Haiko bugonjwa ya kuponyesha. Njo vile aliumbwa. Endelea vile unamufanyiaka."

Njiani mama alilia, nikamwambia asilie, si mwisho wa dunia. Akanitazama kama mimi ndiye mgonjwa. Alikuwa analia kama mtu aliyetua mzigo. Miaka yote hiyo ndugu za baba walikuwa wanamwuliza alikula nini akiwa na mimba, alikanyaga nini, alimkosea nani. Baba alikuwa amekwisha kufa, lakini maswali ya ndugu zake yalibaki hai. Sasa mtu mwenye elimu amemwambia kwamba hakuna alichokanyaga.

Neno moja la mama ndilo lililobeba nyumba yetu. Kila alipotoka, hata kwenda kisimani, alisimama mbele ya kaka akasema, "Naenda, narudia." Akarudi. Kama angechelewa, alimwambia kwamba atachelewa. Hakumdanganya hata siku moja, hata kwa peremende. Mimi nilidanganya watoto wangu kila siku ili wanyamaze, kama wazazi wote, lakini mama alisema kwamba kwa kaka neno ni kama ukuta, akiliegemea likaanguka ataanguka nalo.

Mama alikuwa na tansion, shinikizo la damu. Alikuwa nayo siku nyingi, akaificha, na alipokubali kwenda hospitali alikuwa hawezi tena kufunga kitenge chake mwenyewe. Ilikuwa asubuhi. Gari la jirani lilikuwa linangoja barabarani, mimi nimemshika upande mmoja, mume wangu upande wa pili, yeye ambaye kwa kawaida yuko njiani na lori lake, Fungurume au mpakani, lakini siku hiyo Mungu alimleta nyumbani. Mama akatusimamisha mlangoni. Kaka alikuwa kwenye kiti chake. Mama akavuta pumzi, akasema, "Naenda, narudia."

Nimejiuliza mara nyingi kama alijua. Nadhani aliamini. Mtu aliyesema kweli maisha yote anaweza kuamini kwamba neno lake litamvuta tu arudi. Hakurudi.

Msiba kwetu tunauita kilio, na jina hilo ni la haki, maana watu wanakuja kulia. Viti vyote vilitolewa nje chini ya turubai, sebule ikawa tupu, magodoro yakatandikwa chini kwa ajili ya akina mama. Kiti cha kaka nacho kilitolewa, kikakaliwa na mzee mmoja wa kanisa mwenye makalio mapana. Kila mwanamke aliyeingia aliingia na mayowe, na kila aliyeingia na mayowe alimtafuta mtoto wa kwanza wa marehemu ili amkumbatie. Mtoto wa kwanza wa marehemu alikuwa amejibanza pembeni ya jiko la nje, viganja masikioni, kitambaa cha mama kichwani.

Nilikuwa nakimbia huku na huku, mara kwa waimbaji, mara kwa wapishi, na kila nilipopita nilimwona anachezesha mwili mbele na nyuma. Mama mmoja wa kanisa, mtu mwema kabisa, alimhurumia. Akainama akamwambia, "Usiogope, tata. Mama analala tu." Sisi wote tunasema hivyo. Tunasema amelala, ametangulia, ametutoka, amepumzika. Neno lenyewe hatulitii mdomoni, hasa mbele ya mfiwa, tunalizunguka kama watu wanaozunguka shimo.

Basi mwili ulipofika kutoka hospitali, sanduku likawekwa sebuleni, wazi upande wa kichwa. Kaka akaja mwenyewe. Watu wakampisha, wakanyamaza, wakangoja mzaliwa wa kwanza alie. Kaka akainama juu ya mama, akasema kwa ile sauti ambayo mama alimwamshia kila asubuhi, "Lamuka, papa, jua ilishatoka." Papa ndivyo mama alivyomwita. Akangoja. Akasema tena, kwa nguvu zaidi, "Lamuka, papa, jua ilishatoka," akashika bega la mama akalitikisa.

Mayowe yaliyofuata hayakuwa ya huzuni. Wanawake walikimbilia mlangoni. Wanaume wawili wakamkamata kaka kwa nyuma, jambo ambalo halifanywi, naye akapiga kelele mpaka sauti ikamkauka. Nyuma yangu nikasikia mtu anataja methali ile ya kikulacho ki nguoni mwako. Shangazi yangu, dada ya baba, akanivuta kando. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa ameogopa, na mtu aliyeogopa anashika cha karibu.

"Angaria mutoto ya kwanza," akaniambia. "Hata chozi moja! Anamucheka mama yake mu sanduku. Bantu banasema yeye njo alimukula na bulozi."

"Tantine, yeye haelewi."

"Njo vile unasema miaka yote. Leo asiende ku makaburi. Atatuletea haya ingine."

Nilikubali kwa sababu sikutaka ashikwe tena. Nilidhani namkinga. Tukamzika mama bila mtoto wake wa kwanza, na udongo ambao yeye ndiye angeutupa kwanza, niliutupa mimi.

Tuliporudi kutoka makaburini, kaka alikuwa uani. Alipotuona alitafuta kati yetu, akatafuta nyuma yetu, kisha akaanza: "Courant ilienda. Courant ilienda." Hakusimama. Mjomba, kaka wa mama, alikuwa ndiye aliyekodi jenereta kwa ajili ya kilio, na alijivunia nayo. Akamwonyesha taa inayowaka chini ya turubai mchana kweupe. "Courant iko! Angaria ampoule!" Kaka akatazama taa, akasema, "Courant ilienda." Mjomba maskini akaenda kuongeza mafuta. Akaja na taa nyingine, akaiwasha, akaishika mbele ya uso wa kaka kama mtu anayembembeleza mtoto kwa pipi. "Courant ilienda," kaka akasema. Watu wengine walianza kucheka, maana kwenye kilio nako watu hucheka.

Mimi sikucheka. Nilikaa chini kwenye vumbi na kitenge changu cheusi, nikalia kuliko nilivyolia kaburini. Walikuwa wanamtafutia chozi, naye alikuwa analia mbele ya watu wote, kwa maneno pekee aliyokuwa nayo. Nikasogea mbele yake, si nyuma, nikamwambia, "Ndiyo, yaya," maana yaya kwetu ni ndugu mkubwa, "courant ilienda." Akanyamaza papo hapo. Shangazi alishangaa. Nami, katikati ya uchungu wangu, nilisikia fahari kidogo. Nilijiambia kwamba mkalimani mpya amepatikana.

Kilio kikaisha, viti vikarudi ndani, nikahamia nyumba ya mama na watoto wangu ili kaka asihame. Akawa mtulivu ajabu. Alikula, alioga, aliweka kiganja ukutani baada ya milipuko. Jambo moja tu lilikuwa geni. Kila asubuhi alizunguka vyumba vyote akiwasha swichi, moja baada ya nyingine, ingawa umeme haukuwepo, maana transfoma ya mtaa wetu ilikuwa imeungua na hakuna aliyejua itatengenezwa lini. Sikumzuia. Nilidhani ni njia yake ya kupita msiba, kila mtu na yake. Mimi nilifua, hata vilivyo safi.

Transfoma ikatengenezwa. Ilikuwa alasiri, nachambua lengalenga, mchicha wetu, uani, mara taa zote za nyumba zikawaka kwa pamoja, na mtaa wote ukalipuka: "Courant ilirudia! Courant ilirudia!" Watoto wangu wakakimbia barabarani wakicheza. Kaka akatoka chumbani. Sijamwona akitembea haraka vile. Akanawa uso, akavaa shati lake la Jumapili, akachukua kigoda cha mama cha jikoni akakibeba mpaka mbele ya lango, akakipangusa kwa kiganja, akasimama kando yake, anatazama njia ya soko. Uso wake ulikuwa unang'aa. "Courant ilirudia," akaniambia.

Lengalenga likaniponyoka mikononi. Mwezi mzima nilikuwa najisifu kwamba nimempa habari kwa lugha yake, kumbe lugha yake ndiyo iliyomwambia angoje. Courant ikienda, inarudi. Inachelewa, watu wanatukana, mishumaa inakwisha, lakini inarudi. Na mama alisema narudia. Sasa Musonoi yote imeshangilia, imemthibitishia.

Hakuondoka langoni mpaka giza likaingia na mume wangu akamwongoza ndani kwa kumtangulia na kigoda. Kulipokucha alikuwa langoni tena. Chakula nilimpelekea sahani mbili kama kawaida, hakugusa yoyote. Mvua ikaja, akanyeshewa. Nikamwambia mama haji, akanijibu, "Mama haji," kwa sauti yangu, akaendelea kutazama njia. Wachimbaji waliorudi na magunia yao walimpita wakimwuliza, "Unangoja nani?" naye akawajibu, "Unangoja nani." Mashavu yake yalianza kuingia ndani. Niliogopa kweli, kwa sababu neno lake la njaa lilikuwa "courant ilienda", na kwake courant ilikuwa imerudi.

Shangazi akasikia, akaja. Alisimama langoni akamtazama kaka juu mpaka chini, machozi yakamtoka, kisha akaingia kwangu na uso mkavu. "Kesho tunamupeleka ku chambre ya maombi. Batamufungia kule, batamuombea, batamufungisha kula mpaka ile kintu itatoka."

"Tantine, mutu tayari hakule. Bamufungishe nini ingine?"

"Sasa unataka afie ku mulango?"

Nilijua chumba kile. Ngoma, kelele, mikono kichwani kwake mchana na usiku. Kaka asingetoka mle kama alivyoingia, na pengine asingetoka. Nikamwambia, "Unipatie asubui moja tu. Na weye uje pamoja na shiye, uone na macho yako." Alikubali shingo upande.

Asubuhi nilikaa mbele ya kaka, mahali mama alipokuwa akikaa. "Kwanza, tutatembea. Kisha, tutafika ku makaburi. Kisha, tutarudia ku nyumba." Nikamfunga kitambaa masikioni. Akanyanyuka. Tulikwenda kwa miguu, yeye kwenye ukingo ambapo lami inakutana na udongo, maana hapo ndipo anapopenda kukanyaga, mimi mbele, shangazi nyuma kwa mbali akisali chini chini. Malori ya madini yalitupita yakituachia vumbi, na kila lori lilipopita kaka alisimama, akangoja, akaendelea.

Kaburi la mama lilikuwa bado udongo mwekundu uliovimba, msalaba wa mbao, maua ya plastiki yaliyokwisha pauka. Nilisimama hapo nikajikuta siwezi. Maneno niliyokuwa nayo tayari kinywani yalikuwa yale yale ya siku zote: amelala, ametutoka, ametangulia. Nikaona kwamba kila moja lina mlango wazi nyuma yake. Aliyelala huamka. Aliyetoka huingia. Ilibidi niseme neno lisilo na mlango, na niliseme juu ya mama yangu mwenyewe, kwa mdomo wangu, mbele ya kaburi lake.

"Yaya," nikasema. "Kwanza, mama aligonjwa. Kisha, mama alikufa."

"Wee!" shangazi akalia nyuma yangu. "Muntu hasemake vile juu ya mama yake!"

"Mama alikufa," nikasema. "Iko humu mu udongo. Hatarudia."

Kaka akatazama maua ya plastiki. Kisha akasema, "Naenda, narudia." Haikuwa sauti yake. Ilikuwa ya mama, na ile pumzi aliyovuta mlangoni ikiwemo. Shangazi akashika mdomo. Mimi sikuwa nimeisikia sauti ile tangu asubuhi ile ya gari, na sikutaka aache.

"Hapana," nikamwambia. "Hatarudia."

"Naenda, narudia."

"Alitaka kurudia. Alikufa. Hatarudia, yaya."

Kaka akachezesha mwili mbele na nyuma, halafu akachuchumaa. Akabandika kiganja juu ya udongo, vidole vimetanuka, kama anavyobandika ukutani mine ikishapasuka. Akangoja. Shangazi aliacha kusali. Nilitamani mkono ule usikie kitu, nasema kweli, hata kama ni kichaa kutamani hivyo. Jua likapanda, mgongo wa shati lake ukalowa, bado amebandika mkono. Mwishowe akasema, kwa sauti yake mwenyewe, "Ilisha," akaondoa mkono.

Shangazi ndiye aliyelia njia nzima ya kurudi. Habari ya chambre haikutajwa tena, si siku hiyo wala baadaye. Tulipofika alipika mwenyewe, akaleta bukari na mboga katika sahani moja, akasimama, akakumbuka, akarudi jikoni kuchukua sahani ya pili. Kaka alikula yote. Kigoda cha mama alikirudisha jikoni bila kuambiwa.

Kaka hawashi swichi tena. Umeme ukirudi na mtaa ukipiga kelele, anaziba masikio kama mtu yeyote asiyependa kelele, haendi langoni. Anakula, anaoga, amenenepa kidogo. Nikitoka kwenda sokoni nasimama mbele yake, lakini simwambii "narudia". Namwambia, "Naenda ku soko." Sina ujasiri wa kutoa ahadi ile.

Ila jambo moja limebadilika ambalo sikulitegemea. "Courant ilienda" hasemi tena, kwa jino wala kwa njaa. Taa zikizimika, mtaa mzima ukiguna, yeye anatoka chumbani, anasimama mbele yangu, anatazama kando ya uso wangu, na ananiambia kwa sauti yangu mimi, ile ile niliyotumia makaburini, iliyokuwa inatetemeka: "Mama alikufa." Kisha anangoja. Nisipomjibu anasema tena, na tena, kwa hiyo namjibu, "Ndiyo, yaya. Alikufa." Hapo anaridhika, anarudi kukaa, nami natafuta mshumaa. Wenzangu wote waliofiwa walipewa habari ya mama yao mara moja. Mimi naletewa kila courant inapoenda, na kwetu Musonoi courant inaenda karibu kila siku.